Jua la Saa Tisa

Magoti ya Pimamaji yalistaafu kabla yake. Yeye mwenyewe alikuwa bado na nguvu za kupandisha mfuko wa saruji begani, jicho lake lilikuwa bado linaona marumaru iliyoinuka unene wa kucha, na mkono haukuwa umeanza kutetemeka. Lakini kupanga marumaru ni kazi ya kupiga magoti, na magoti ndiyo yaliyosema basi. Daktari alimwonyesha picha ya mifupa, akamweleza taratibu kwamba asipige magoti tena, si kazini, si popote. Pimamaji akauliza, je, akiweka mto chini? Daktari akamjibu kwamba hata akiweka godoro zima.

Jina la Pimamaji alipewa na mafundi wenzake kwa ajili ya kile chombo cha kupimia usawa, chenye kiputo cha hewa kinachoogelea katika maji ya kijani, ambacho alitembea nacho kama wengine wanavyotembea na simu. Akialikwa chai kwa watu, aliangalia sakafu kabla hajaangalia kikombe. Alikuwa amepanga sakafu za nusu ya mtaa, na nusu iliyobaki ilikuwa imeahidiwa.

Sasa alikuwa nyumbani. Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili akaanza kupanga upya sufuria za jikoni kwa ukubwa, akapima rafu na kugundua kwamba imelala upande, akamweleza mkewe habari hiyo wakati mkewe ana sufuria ya moto mkononi. Mkewe alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno machache, aliyeshonea sare za shule sebuleni kwa cherehani ya kukanyaga. Alimwangalia tu, akamwambia jikoni kuna mwenyewe. Tangu hapo Pimamaji akahamia kwenye kochi, akanuna, na hata kununa akanuna kwa ufundi.

Na lile kochi lilikuwa limekaa juu ya saruji tupu. Ndiyo, nyumba ya fundi marumaru haikuwa na marumaru hata moja. Walipohamia, mkewe aliomba za rangi ya maziwa, sebuleni tu, na Pimamaji akasema kazi ikipungua kidogo atazipanga. Kazi haikupungua. Majirani walicheka wakasema kinyozi hajinyoi. Mkewe yeye alisema kwamba kivuli cha mvumo, mti ule mrefu, hufunika walio mbali. Neno hilo alilisema mara moja tu, miaka mingi iliyopita, na hakulirudia, na ndiyo maana liliuma mpaka leo. Sasa kazi ilikuwa imepungua kweli, imekwisha kabisa, na magoti ya kupanga hayapo.

Walibaki watatu katika nyumba ile. Wa tatu alikuwa binti yao wa mwisho, kitinda mimba, ambaye kila mtu alimwita Kitinda mpaka walimu. Kitinda alitengeneza michezo ya kompyuta, au tuseme alikuwa anatengeneza mmoja, kwa mwaka wa pili sasa. Ulikuwa mchezo wa kuhama. Unaona sebule yenye vyombo, nje kuna gari dogo la mizigo, na kazi yako ni kupakia kila kitu garini kwa mpangilio hadi kienee, kabla dereva hajachoka kusubiri akaondoka. Kitinda alijua kuuandika mchezo, lakini kuchora hakujua. Mchoraji alikuwa rafiki yake, na rafiki yake alipata ajira mji mwingine, akaaga vizuri, akaacha picha ya gari peke yake. Wiki iliyofuata kulikuwa na maonyesho ya watengeneza michezo, na Kitinda alikuwa ameshapewa meza yake.

Jioni moja alimwambia mama yake kwamba atachukua tu picha za bure zilizo mtandaoni. Tatizo lake ni kwamba kila anayeanza huzichukua hizo hizo, kabati lile lile unalikuta katika kila mchezo, na mtu akipita mezani ataliona kabati na kupita moja kwa moja. Alisema bila kulalamika, lakini sauti ilikuwa imemshuka.

Pimamaji alisikia kutoka kwenye kochi. Akainuka, akaenda kuchungulia. Kitinda alikuwa ameikuza ile picha ya gari mpaka ikawa miraba mitupu, mmoja mwekundu, mmoja mwekundu uliokolea, mmoja mweusi.

"Hizi ni marumaru," alisema Pimamaji.

"Zinaitwa pikseli, Baba. Kila picha ni miraba midogo kama hii, unaijaza rangi mmoja mmoja."

"Ziitwe zitakavyo. Nipe mimi."

Kitinda alikuwa na sababu zote za kukataa. Baba yake alitumia simu kupiga na kupokea, na hata kupokea alikuwa akibahatisha. Lakini alimtazama usoni, akakumbuka kwamba tangu atoke kwa daktari hajaomba kitu chochote, hata chumvi. Wakaafikiana. Pimamaji angechora vyombo vya sebule hadi siku moja kabla ya maonyesho. Mama angekatazwa kuchungulia kioo cha kompyuta, na siku hiyo angekaa kuucheza mchezo bila kuelezwa kitu. Akivitambua vyombo vyote mwenyewe, picha zinaingia. Asipovitambua, zinaingia zile za bure, na hakuna kununa.

"Nani ananuna?" aliuliza Pimamaji.

Hakumwambia mtu, lakini alijua kilichoko mbele yake. Kama hili nalo litamshinda, basi atakuwa mtu wa kukaa kwenye kochi mpaka mwisho, akisubiri chakula na taarifa ya habari, na watu wakimpitia kando kwa heshima. Heshima ya aina hiyo ilimtisha kuliko kisu cha daktari.

Alianza na mtungi wa maji, kwa kuwa ulikuwa pale pale pembeni mwa sebule. Kipanya cha kompyuta alikishika kama mwiko wa saruji, kwa kiganja kizima, na mara mbili akafuta kazi yote bila kujua alichobonyeza. Lakini mchoro wa nje ulipotoka, ulitoka sawasawa. Alihesabu miraba kutoka katikati kwenda kushoto, akahesabu kwenda kulia, na mtungi ukasimama wima pasipo kuinama hata kidogo. Kitinda alisifu kwa dhati. Akampa rangi nne za kahawia, kutoka iliyokolea hadi iliyopauka, akamwambia sasa atie kivuli, ili mtungi upate tumbo.

Pimamaji alishinda asubuhi nzima akitia kivuli. Katikati ya mtungi aliweka rangi iliyopauka. Akaizungushia inayofuata, akaizungushia inayofuata, na pembeni kabisa akafunga kwa ile iliyokolea, pande zote upana mmoja. Alirudi nyuma kidogo akatazama. Akaridhika, akamwita bintiye.

Kitinda aliinamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Baba, huu si mtungi. Huu ni mto."

Kutoka kwenye cherehani, bila kugeuka, mkewe aliuliza, "Mto wa maji au wa kulalia?"

"Wa kulalia, Mama. Umejaa pamba."

Mkewe akakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Pimamaji alitazama tena, na ubaya wa macho ni kwamba yakishaonyeshwa hayawezi kusahau. Ulikuwa mto, na ulikuwa umevimba.

Kitinda alimweleza kwamba hata yeye alipojaribu ilitoka hivyo hivyo, kwamba ni kosa la kila mwanafunzi, na wachoraji wenyewe wanaliita kivuli cha mto. Mtu anatia giza pembeni kuzunguka bila kujiuliza mwanga unatoka wapi. Pimamaji akasema mwanga unatoka kila mahali, kwani si mchana? Akajitetea kwa kazi yake. Sakafu, alisema, unaianzia katikati ya chumba ukienda nje, ili vipande vya kukata vya ukutani viwe sawa pande zote, kwa sababu hujui mwenye nyumba ataleta wageni kwa mlango upi. Ukipendelea ukuta mmoja umeharibu. Sakafu haina upendeleo.

"Mwanga unao," alisema Kitinda. "Lazima uchague upande mmoja, Baba. Na ule wa pili ukubali ubaki gizani."

Maneno hayo yalimkaa vibaya. Maisha yake yote alikuwa akilipwa kwa kutoacha upande. Hata hivyo alitii, ila alitii kwa namna yake. Mtungi aliupa mwanga wa kushoto, kigoda akakipa wa kulia, ndoo akaipa wa juu, cherehani akaipa wa nyuma, ili kila kimoja kipate haki yake. Kwa siku mbili alifanya hivyo bila kumwonyesha mtu, na vilikuwa vizuri kweli, kila kimoja kilikuwa na tumbo na mgongo. Kisha Kitinda akavipanga vyote katika sebule ya mchezo.

Alivitazama kimoja kimoja. Halafu akasema kwa upole kwamba kila chombo kizuri, tatizo ni kwamba nyumba hii ina majua manne.

Pimamaji akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli, na kicheko kikakatika njiani. Pembeni mwa kioo aliona jalada jipya, na bintiye alipoona ameliona akaeleza haraka kwamba ni zile picha za bure, amezipakua kwa tahadhari tu, akiba haiozi. Alisema vizuri, na hakuwa na kosa. Lakini Pimamaji alijua mwenye nyumba anapoanza kuulizia fundi mwingine huanza hivyo hivyo, kwa upole.

Siku iliyofuata hakugusa kompyuta. Aliubeba mtungi wenyewe kutoka pembeni, akauweka katikati ya sebule, akakaa kwenye kochi kuutazama, kwa hasira kidogo, kama anayemsubiri mdeni. Mkewe alimpita mara mbili akiwa na vitambaa, na hakuuliza.

Asubuhi yote mtungi ulikuwa wa rangi moja, umelala tu. Mchana ukabaki vile vile. Ilipofika saa tisa, jua likaingia.

Lilianzia kwenye kona ya chini ya dirisha, likashuka sakafuni, likatambaa juu ya saruji taratibu hadi likaugusa mtungi ubavuni. Upande wa dirisha uliwaka. Upande wa pili ukazama. Katikati yake tumbo la mtungi likageuka polepole kutoka mwanga kwenda giza, hatua kwa hatua, rangi nne alizopewa na nyingine ambazo hakupewa. Kivuli kilichoanguka sakafuni hakikuwa cheusi kama alivyodhani, kilikuwa na ubuluu wa majivu. Pimamaji alisogea mpaka ukingo wa kochi. Alisahau magoti, akataka kuyapiga, yakamkumbusha.

"Hili jua limeanza lini kuingia hapa?" aliuliza.

Cherehani ikanyamaza. Mkewe akageuka kumtazama, kuona kama anatania.

"Limeanza?" alisema. "Linaingia tangu tulipohamia. Kila siku ya jua, saa tisa, hapo hapo."

"Sijawahi kuliona."

"Saa tisa huwa uko kwa watu."

Alisema kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya uzi. Pimamaji akaangalia pale alipoweka mkono wake, kwenye mkono wa kochi wa upande wa dirisha. Kitambaa chake kilikuwa kimepauka mpaka maua yake hayaonekani, ilhali mkono wa pili ulikuwa bado mwekundu kama siku ulipotoka dukani. Kitambaa hicho kilikuwa na historia. Kwa ajili yake Pimamaji aligombana na fundi makochi mbele za watu, akamwita tapeli, na mpaka leo hawasalimiani. Baadaye akamlaumu mkewe, kwamba amekisugua kwa sabuni kali.

"Kumbe ni jua," alisema.

"Nilikwambia ni jua. Ukasema sabuni."

Aibu ilimpanda Pimamaji kutoka kifuani hadi masikioni. Ilikuwa aibu ya mtu anayezijua sakafu za mtaa mzima gizani kwa kuzigusa na mguu, na hajui jua la nyumbani kwake linaingilia wapi. Na ndani ya aibu mlikuwa na huzuni, kwa sababu mchana ule ulioingia sebuleni kila siku ulikuwa umempita, na mkewe alikuwa amekaa nao peke yake. Alitaka kusema pole. Neno likawa dogo mno kwa miaka ile.

"Nionyeshe," alisema.

Mkewe aliweka kitambaa pembeni. Kisha akainuka akamwonyesha, bila kumsuta, na kwa mwanamke wa maneno machache alisema mengi. Alimwonyesha mwanga unapoanzia na unapofika kabla haujakatwa na paa la jirani. Alimwonyesha kigoda anachokisogeza kidogo kidogo kuufuata. Alisema matundu ya vifungo huyaweka kiporo mpaka saa hiyo, na kwamba pale, kwenye alama ya mguu wa cherehani, ndipo anapotungia uzi sindanoni mara moja tu bila kurudia. Alisema siku za mawingu huwa anaona kama mgeni hajaja. Pimamaji alisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wenye nyumba siku ya kwanza ya kazi.

Kuanzia hapo hakukuwa tena na majua manne. Lilikuwa moja, la kushoto, la saa tisa. Pimamaji alifuta vivuli vyote akaanza upya, na kila siku saa hiyo alikuwa akienda na kurudi baina ya vyombo na kompyuta, akichungulia, akihesabu miraba, akinung'unika. Kuacha upande gizani kulimuuma mwanzoni. Kisha akaona kwamba ule upande wa giza ndio unaoufanya ule mwingine uwake, akauacha kwa moyo mkunjufu. Kochi alilichora na mkono wake uliopauka.

Kitinda, ambaye sasa alikuwa akija kutazama bila kuitwa, alimpa somo moja la mwisho. Chini kabisa ya mtungi asifunge giza lote, alisema, kwa kuwa sakafu nayo hurudisha mwanga kidogo, hivyo aache mstari mwembamba.

"Inategemea sakafu," alijibu Pimamaji, na kwa mara ya kwanza alikuwa mwalimu yeye. "Saruji inaumeza. Marumaru ndiyo inarudisha."

Akakisogeza kipanya hadi chini ya mtungi. Kisha akauliza, katika mchezo huu, nani anachagua sakafu ya nyumba?

Kitinda aliangalia saruji iliyo chini ya miguu yao, akamwangalia baba yake.

"Mchoraji," alisema, akaondoka akamwacha na kazi yake.

Siku moja kabla ya maonyesho, saa tisa alasiri, mkewe aliitwa. Alifuta mikono, akavaa miwani, akaketi mbele ya kompyuta kama mtu aliyeketishwa kwa mpiga picha. Kitinda akamweleza kwamba kuna gari linasubiri nje, kwamba avute vyombo avipakie, na kwamba hataambiwa kipi ni nini. Pimamaji alisimama nyuma yao. Aliwekewa kiti akakikataa, magoti yakawaka, akayaacha yawake.

Sebule ikafunguka kwenye kioo. Kulikuwa na kochi lenye mkono mmoja uliopauka, ndoo, kigoda, cherehani karibu na dirisha. Mwanga uliingia kutoka kushoto ukalala sakafuni, na sakafu ilikuwa ya marumaru za rangi ya maziwa, zimepangwa kuanzia katikati, vipande vya ukutani sawa pande zote. Mtungi ulisimama katika mwanga huo na kivuli chake cha majivu. Chini ya tumbo lake, pembamba kama uzi, ulipita mstari wa rangi ya maziwa uliorudishwa na sakafu.

Mkewe aliinamia kioo. Kipanya kilikuwa chini ya mkono wake na hakikwenda popote. Gari dogo likapiga honi, likapiga ya pili. Pimamaji alimwona bintiye akilitupia jicho lile jalada la picha za bure, na moyo ukamshuka mpaka kwenye magoti. Hakuvitambua. Basi, ndivyo ilivyo, kochi linasubiri.

"Mama," alisema Kitinda taratibu, "anza na chochote unachokijua."

Mkewe akanyoosha kidole akagusa kioo chenyewe, kando ya mguu wa cherehani, pale mwanga ulipokuwa mkali kuliko pote.

"Hapa ndipo ninapotungia uzi," alisema.

Kidole kikasogea kwenye kochi, kikasimama kwenye mkono uliopauka. Kikasogea kwenye kigoda, kwenye ndoo, kwenye mtungi. Halafu kikashuka sakafuni, kikapita juu ya marumaru moja baada ya nyingine polepole, kama anayepapasa kitambaa kabla ya kukikata.

"Haya basi, pakia," alisema Kitinda. "Dereva atakuacha."

"Sipakii."

"Mbona hupakii?"

Mkewe akavua miwani. Hakumtazama Kitinda, alimtazama yule aliyesimama nyuma yake.

"Nihame niende wapi?" alisema. "Ndiyo kwanza nimehamia."

Muda ukaisha, gari dogo likaondoka tupu, na maandishi yakajaa kioo kizima kwamba mchezaji ameshindwa. Pimamaji ndipo alipokubali kukaa, kwa sababu machozi na magoti vyote vilikuwa vimezidi. Kitinda alinyoosha mkono kati yao, akalifuta lile jalada la picha za bure bila kuuliza mtu. Kisha akajifanya anatafuta kitu kwenye meza, akasema kwamba nyumba ya pili katika mchezo inahitaji jiko, na je, fundi anajua jua la jikoni linaingilia wapi?

"Sijui," alisema Pimamaji, akijifuta uso kwa kiganja. "Jikoni kuna mwenyewe. Tumuulize."